Mtungi wa gesi wa bei nafuu: Kinachofichwa na ujazaji haramu

TOFAUTI ya Sh200 au Sh300 kwa mtungi mmoja wa gesi si jambo dogo kwa familia inayoishi kwa kibarua cha siku. Ndiyo sababu duka la uchochoroni linalouza gesi kwa bei ya chini kuliko kituo cha mafuta kilicho barabarani halikosi wateja, na ndiyo sababu wengi hawaulizi gesi hiyo imetoka wapi. Rangi ya mtungi ni ile ile, moto unawaka na chai inachemka. Mteja ataka nini zaidi?

Hata hivyo, swali la nani aliyeujaza mtungi huo ndilo linaloamua mambo matatu kwa pamoja: kiasi cha gesi ambayo mnunuzi ameilipia, usalama wa jiko lake, na usalama wa majirani ambao pengine hawatumii gesi kabisa. Wakenya wengi huyatazama mambo haya kama matatizo tofauti. Kupunjwa uzito huonekana kuwa hila ya mfanyabiashara, na mlipuko huonekana kuwa ajali. Ukweli ni kwamba yote mawili hutoka katika ua mmoja, ule unaojaza mitungi usiku bila leseni.

Usiku wa Februari 1, 2024, katika eneo la Mradi mtaani Embakasi, Nairobi, lori lililokuwa limebeba gesi lililipuka. Moto ulipaa angani kama mpira mkubwa, mitungi ikarushwa huku na kule, na bohari la nguo lililokuwa karibu likateketea pamoja na nyumba, magari na biashara ndogo ndogo. Kufikia asubuhi yake serikali ilikuwa imethibitisha vifo vya watu watatu, na zaidi ya watu 270 walikuwa wamejeruhiwa. Idadi ya waliofariki iliongezeka katika siku na wiki zilizofuata, huku baadhi ya majeruhi wakishindwa na majeraha ya moto wakiwa hospitalini.

Kilichowashangaza wengi ni yaliyofichuka baadaye. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ilieleza kwamba ilikuwa imepokea maombi ya kujenga kituo cha kuhifadhi na kujaza gesi mahali hapo, na ikayakataa mara tatu mwaka wa 2023: mwezi Machi, mwezi Juni na mwezi Julai. Sababu kuu ilikuwa kwamba michoro iliyowasilishwa haikutimiza masharti ya umbali kati ya kituo na makazi ya watu. Kwa upande wake, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ilikiri kwamba leseni ya mazingira ya mradi huo ilikuwa imetolewa kinyume cha utaratibu, na maafisa wanne wakasimamishwa kazi. Afisi moja ilisema la, nyingine ikasema ndiyo, na shughuli zikaendelea katikati ya nyumba za watu.

Ili kuelewa kwa nini umbali huo una uzito mkubwa hivyo, yafaa kujua gesi ya kupikia ni kitu cha aina gani.

Gesi hii ni mchanganyiko wa propeni na buteni, bidhaa zinazopatikana wakati wa kuchimba gesi asilia na kusafisha mafuta ghafi. Katika hali ya kawaida ni hewa. Ikikandamizwa hugeuka kuwa majimaji, na ndiyo maana mtungi ukitikiswa husikika kitu kikicheza ndani. Lita moja ya majimaji hayo ikiachiliwa hupanuka na kuwa takriban lita 250 za gesi. Hapo ndipo penye manufaa yake, kwa kuwa familia inaweza kubeba moto wa wiki kadhaa kwa mkono mmoja. Hapo pia ndipo penye hatari yake.

Gesi ikivuja haipai juu kama moshi. Ni nzito kuliko hewa, karibu mara mbili, hivyo hutambaa sakafuni kama maji, ikiteremka ngazi, ikiingia mitaroni na kujikusanya kwenye vyumba vya chini. Haiwezi kuwaka mpaka ichanganyike na hewa kwa kiwango fulani, yaani kati ya asilimia 2 na asilimia 10 hivi. Kiwango hicho ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Katika chumba cha mita tatu kwa tatu, kama vile vinavyokodishwa katika mitaa mingi ya Nairobi, Mombasa na Nakuru, takriban kilo moja tu ya gesi iliyovuja yatosha kuifanya hewa yote ya chumba kuwa tayari kulipuka. Kinachosubiriwa ni cheche: swichi ya taa, jiko la makaa la jirani, sigara, hata kidude cha kuwashia friji.

Harufu kali inayotambulisha gesi si ya gesi yenyewe. Propeni na buteni hazina harufu. Kemikali iitwayo merkaptani huongezwa kwa makusudi ili pua ya binadamu itambue uvujaji mapema, kabla haujafikia kiwango cha kulipuka.

Mlipuko mkubwa kama ule wa Embakasi una hatua moja zaidi. Tangi lenye majimaji ya gesi likizungukwa na moto, majimaji hayo huchemka ndani na shinikizo hupanda. Chuma nacho hulainika kwa joto, hasa sehemu ya juu ambayo haijaguswa na majimaji. Chuma kikishindwa, majimaji yote hugeuka gesi kwa nukta moja na kuwaka angani. Hakuna ndoo ya mchanga wala kizimamoto cha dukani kinachoweza kufaa chochote katika hatua hiyo. Kinachookoa watu ni nafasi tupu iliyoachwa kati ya tangi na nyumba, na nafasi hiyo hupangwa kwenye karatasi miaka kabla ya moto.

VALI MOJA, MITUNGI YOTE

Wanaokumbuka maisha ya kabla ya 2009 watakumbuka pia kero ya vali. Kila kampuni ilikuwa na vali yake, na regyuleta ya kampuni moja haikuingia kwenye mtungi wa nyingine. Aliyenunua mtungi wa kampuni fulani alikuwa amefungwa kwayo, hata ikiwa kampuni hiyo imeishiwa na gesi au imepandisha bei. Uhaba ulipotokea, watu walizunguka mjini wakiwa na mtungi mtupu begani wakitafuta duka la kampuni yao.

Kanuni za gesi zilizochapishwa mwaka wa 2009 ziliondoa kero hiyo. Kampuni zote zililazimishwa kutumia vali ya aina moja, na ukaanzishwa utaratibu wa kubadilishana mitungi kwa pamoja. Mteja angeweza kupeleka mtungi wa rangi yoyote kwa muuzaji yeyote na kuondoka na mwingine. Kampuni zenyewe zilitakiwa kukutana baadaye na kurudishiana mitungi. Ushindani uliongezeka, kampuni ndogo zikaingia sokoni, na mtumiaji akawa huru.

Uhuru huo, hata hivyo, ulifungua mlango mwingine. Mtu mwenye pampu na mpira sasa angeweza kujaza mtungi wowote, kwa kuwa vali zote zilifanana. Hakuhitaji kununua hata mtungi mmoja. Mtungi ni ghali kuliko gesi iliyomo, na kampuni inayouingiza sokoni huweka humo mtaji mkubwa unaorudi polepole mtungi huo unapojazwa tena na tena kwa miaka. Mjazaji haramu hufaidi mtaji wa wengine. Halipii ukaguzi wa mitungi, hapaki rangi, habadilishi vali zilizochakaa, hana bima wala mitambo ya kuzima moto. Ukitoa gharama zote hizo, bei nafuu si muujiza wa biashara.

Kampuni zililalamika kwa miaka kwamba mitungi yao ilikuwa ikipotelea katika mzunguko huo. Serikali ilikubali malalamiko hayo, na kanuni mpya za 2019, zilizotungwa chini ya Sheria ya Petroli ya mwaka huo huo, ziliuvunja utaratibu wa kubadilishana kwa lazima. Tangu wakati huo, ni mwenye chapa, au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, anayeruhusiwa kujaza au kuuza mtungi wa chapa hiyo. Vali imebaki ile ile moja, lakini jukumu limerudishwa kwa mwenye jina lililoandikwa kwenye mtungi: likitokea lolote, ajulikane nani wa kuulizwa.

Dukani hali si safi kama ilivyo kwenye kanuni. Mteja wa mtaani bado hubadilisha mtungi wa chapa moja kwa mwingine bila kuulizwa lolote, na kwa mitungi mingine hufanyika hivyo kwa makubaliano halali kati ya kampuni. Tatizo ni kwamba mteja hana njia rahisi ya kutofautisha makubaliano halali na ujazaji wa vichochoroni. Muuzaji mwenyewe wakati mwingine hajui, au huona heri asijue.

Ikumbukwe pia kwamba bei ya gesi haipangwi na serikali. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA hutangaza bei za juu zaidi za petroli, dizeli na mafuta taa, na wengi hudhani gesi imo katika orodha hiyo. Haimo. Kila kampuni hujipangia, kwa kufuata bei za soko la dunia, thamani ya shilingi dhidi ya dola na gharama ya uchukuzi. Gesi nyingi hufika kwa meli katika bandari ya Mombasa, na nyingine huingia kwa malori kutoka Tanzania.

Ushuru nao umekuwa kigeugeu. Mwaka wa 2016 gesi iliondolewa ushuru wa VAT. Julai 2021 ushuru huo ukarudishwa kwa asilimia 16, na mwaka wa 2022 bei ya kujaza mtungi wa kilo 13 ikapita Sh3,000 katika maeneo mengi. Julai 2022 ukapunguzwa hadi asilimia 8, na Julai 2023 ukaondolewa tena. Kila bei inapopanda hivi, wateja wa maduka ya pembeni huongezeka, na wenye maua ya siri hupata msimu mzuri.

MIZANI HAIDANGANYI

Namna ujazaji haramu unavyofanyika yaeleza kwa nini uzito hupungua. Katika mtindo wa kawaida, mtungi mkubwa wa kilo 50 hupinduliwa juu chini mahali pa juu kidogo, ukaunganishwa kwa mpira na mtungi mdogo wa kilo 6 au 13, na majimaji yakaachwa yatiririke. Hakuna mashine inayopima wala inayokata gesi inapofika kiwango. Mjazaji hukisia kwa sikio, kwa mkono na kwa tamaa. Akitoa mitungi tisa kutoka kwenye gesi inayotosha minane, faida yake imo humo.

Akikosea upande wa pili, akajaza kupita kiasi, hali huwa mbaya zaidi. Mtungi uliojazwa kitaalamu huachwa na nafasi ya takriban asilimia 15 hadi 20 juu ya majimaji. Nafasi hiyo si hasara kwa mteja. Majimaji ya gesi hupanuka kwa joto mara nyingi zaidi ya maji, na mtungi uliojaa pomoni ukiachwa kwenye jua la Garissa au juu ya pikipiki adhuhuri hukosa mahali pa kupanukia. Shinikizo hulielemea chuma moja kwa moja.

Aidha, wakati wa kumimina, gesi huvuja kila mpira unapounganishwa na kuondolewa. Katika ua uliofungwa kwa mabati ili majirani wasione, gesi hiyo hukaa chini ikisubiri cheche. Hii ndiyo sababu mioto mingi ya aina hii huanza wakati wa kujaza.

Mnunuzi anayo silaha moja ambayo haihitaji utaalamu. Kwenye shingo au kola ya kila mtungi umepigwa muhuri wa namba ya uzito wa mtungi mtupu. Namba hiyo hutofautiana kati ya mtungi na mtungi, hata wa kampuni moja, kwa hiyo haifai kukisia. Mtungi wa kilo 13 uliopigwa muhuri wa kilo 14.2, kwa mfano, unapaswa kusoma kilo 27.2 kwenye mizani ukiwa umejaa. Ukisoma 25.7, basi kilo moja na nusu haimo. Kwa bei ya Sh3,000, huo ni upungufu wa zaidi ya Sh340, yaani ule unafuu wote wa duka la pembeni pamoja na ziada.

Kwa mtungi wa kilo 6 mambo huuma zaidi. Kilo moja ikikosekana, sehemu moja kati ya sita imeibwa. Familia huona tu kwamba gesi ya mwezi huu haikufika tarehe ile iliyofika mwezi uliopita, ikadhani ni maharagwe yaliyochelewa kuiva.

Mnunuzi ana haki ya kuomba mtungi upimwe mbele yake kabla ya kulipa. Muuzaji anayekasirika kwa ombi hilo amekwisha kujibu. Vitu vingine vya kutazama ni lakiri ya plastiki iliyofunika vali: iwe na jina la kampuni ile ile iliyoandikwa kwenye mtungi, na isiwe imelegea, imekatwa au kubandikwa upya. Lakiri za bandia zipo, hivyo lakiri peke yake si ushahidi kamili. Mtungi wenye kutu iliyokula chuma, uliobonyea, au ambao namba zake zimekwaruzwa usikubaliwe hata kama umepunguzwa bei. Risiti nayo ni muhimu, ingawa ndiyo inayopuuzwa zaidi. Bila risiti, anayetaka kulalamika hana pa kuanzia.

MOSHI NAO HUUA

Mambo haya yote yasieleweke kuwa ni sababu ya kuikimbia gesi. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 23.9 ya familia nchini zilitegemea gesi kwa kupikia, huku asilimia 55.1 zikitegemea kuni, asilimia 11.6 makaa na asilimia 7.8 mafuta taa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na kupikia, ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020. Wanaoathirika zaidi ni akina mama na watoto wachanga wanaobebwa mgongoni jikoni. Nimonia, kiharusi, magonjwa ya moyo na ya mapafu ni baadhi ya maradhi yanayohusishwa na moshi huo.

Jiko la makaa lina hatari yake nyingine isiyoonekana. Kila msimu wa baridi, hasa Juni na Julai, huripotiwa familia zilizolala na jiko chumbani huku madirisha yamefungwa, zikakutwa zimefariki asubuhi. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na anayeivuta huishiwa nguvu kabla hajatambua. Gesi inayowaka vizuri hutoa kiasi kidogo mno cha hewa hiyo, ingawa nayo huhitaji dirisha lililo wazi. Mwali wa bluu ni dalili njema. Mwali wa manjano unaoacha masizi kwenye sufuria waonyesha kwamba kichomeo ni kichafu au hewa haitoshi.

Kinachoikwamisha familia maskini si ukaidi. Makaa hununuliwa kwa kopo na mafuta taa kwa kikombe, ilhali gesi hudai mamia au maelfu ya shilingi kwa mkupuo. Tozo ya Sh18 kwa kila lita iliyowekewa mafuta taa mwaka wa 2018, ili kuwazuia wanaoyachanganya na dizeli, iliongeza gharama kwa wengi wasiokuwa na njia nyingine. Katika baadhi ya mitaa ya Nairobi zimekuja kampuni zinazoweka mtungi wenye mita nyumbani, mteja akalipia gesi kidogo kidogo kupitia simu. Mtindo huu unafaa kwa kuwa unamwuzia mteja kwa kipimo cha kipato chake, tena kutoka kwa mjazaji anayejulikana. Pasipofika huduma kama hizo, pengo hujazwa na mwenye duka la pembeni.

Nyumbani, mtungi husimamishwa wima daima. Wapo wanaoulaza chini gesi inapokaribia kuisha, au kuutia kwenye karai la maji moto, ili "kukamua" mabaki. Mtungi ukilazwa, majimaji yenyewe huweza kutoka badala ya gesi, na mwali ukaruka ghafla. Wahudumu wa bodaboda wanaofunga mtungi kwa ubavu nyuma ya pikipiki wangefaa kuambiwa vivyo hivyo, na mteja ndiye mwenye uwezo wa kuwaambia.

Mpira unaounganisha regyuleta na jiko uwe ule uliotengenezewa gesi, si kipande cha mpira wa maji, na ubadilishwe ukianza kupasuka au kuwa mgumu. Kila baada ya kubadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakikua, gesi inavuja. Kutafuta uvujaji kwa njiti ya kiberiti ni ujasiri ambao umewapeleka wengi hospitalini.

Harufu ikisikika, vali ya mtungi ifungwe, milango na madirisha yafunguliwe, na watu watoke. Swichi ya taa isiguswe, iwe ni kuwasha au kuzima, kwa kuwa zote mbili hutoa cheche. Simu ipigwe kutoka nje, mbali na nyumba, kwa 999 au 112. Ikiwa moto unatoka kwenye vali au mpira, la kwanza ni kuifunga gesi iwapo mkono waweza kuifikia bila kuungua. Kuuzima mwali huku gesi ikiendelea kutoka ni kujaza chumba gesi isiyoonekana, na mlipuko unaofuata hushinda moto wa kwanza. Ikiwa vali haifikiki, watu waondoke na wawaondoe majirani.

Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida wala si barafu, kwa muda wa dakika 20. Pete, bangili na nguo ambazo hazijagandamana na ngozi ziondolewe mapema kabla ya kuvimba. Dawa ya meno, mayai, mafuta ya kupikia na unga, ambavyo kila mtaa una mtaalamu wake wa kuvipaka, hufungia joto ndani na kumpa daktari kazi ya kuvikwangua. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi na mgonjwa apelekwe hospitalini, hasa akiwa ameungua usoni, mikononi au sehemu za siri, au akiwa mtoto.

NANI WA KUULIZWA

Udhibiti wa biashara hii umegawanywa. EPRA hutoa leseni za kuagiza, kuhifadhi, kujaza, kusafirisha na kuuza gesi. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, huweka viwango vya mitungi na mitambo. NEMA hutathmini athari kwa mazingira, na sheria yataka maoni ya wakazi yatafutwe kabla ya mradi wa aina hii kuidhinishwa. Maafisa wa vipimo na mizani hushughulikia wanaopunja wateja. Serikali ya kaunti ndiyo yenye mipango ya ardhi, vibali vya ujenzi na leseni za biashara, na chini ya Katiba ya 2010 huduma za zimamoto pia ni jukumu la kaunti.

Mgawanyo huo una mantiki, lakini unampa kila mmoja nafasi ya kumwelekeza mlalamishi kwa mwenziwe. Kwa hiyo anayelalamika hufaidika zaidi akiandika barua moja na kuipeleka kwa EPRA, kwa kaunti na kwa chifu kwa pamoja, akihifadhi nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Barua ya wakazi kumi ina nguvu kuliko simu ya mkazi mmoja, na tarehe zilizomo huwa ushahidi iwapo baadaye itadaiwa kwamba hakuna aliyejua.

Dalili za ua wa kujaza gesi hazihitaji mpelelezi. Malori yasiyo na jina la kampuni huingia baada ya saa nne za usiku. Mitungi ya rangi zote hulundikwa pamoja, mingi ikiwa haina lakiri. Harufu ya gesi huja na kupotea kwa saa maalumu, na husikika mlio wa hewa inayotoroka kwa kasi. Pikipiki hujipanga alfajiri kuchukua mizigo. Kituo chenye leseni, kwa upande mwingine, huwa na jina lake langoni, na leseni ya EPRA ni hati ambayo mkazi anaweza kuomba kuiona, akasoma jina, mahali na tarehe ya kumalizika kwake. Leseni ya kuuza mitungi dukani si leseni ya kuijaza, na mwenye ua akionyesha ya kwanza ili kuhalalisha ya pili, tofauti hiyo ndiyo ya kuandikwa katika aya ya kwanza ya barua.